Kila Namba Ngeni Napokea

Simu yangu ikiita na namba nisiyoijua, napokea. Ubaya wake naujua. Mwenye kibanda cha uwakala wa pesa hapa kwenye kona yetu Nkuhungu, mwanamke wa umri wangu na mdomo mkali kuliko wangu, amenisema mpaka amechoka. "Jirani, namba huijui unaipokea ya nini? Mwenye shida ya kweli atatuma meseji ajitambulishe." Namwitikia vizuri, naagana naye, nafika nyumbani, simu inaita, napokea.

Ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu. Mchana niko Makole dukani kwangu, nauza unga na nafaka, na huko watu wapo wa kutosha wa kugombana nao. Jioni nafunga, narudi, napika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ukiweka maji kidogo unashika sufuria, ukiweka mengi unabaki, na asubuhi unaula na chai huku unatazama ukuta. Sisemi haya nionewe huruma, sijawahi kuipenda huruma ya watu. Nasema ili ieleweke kwamba katika nyumba ya namna hii simu ikilia, mtu anaruka.

Wengi wanaonipigia ni matapeli. Nimewazoea kiasi cha kuwagawa kwa mitindo. Kuna wa zawadi, ambaye sauti yake ina furaha kuliko mtu aliyeshinda mwenyewe. Kuna wa kampuni ya simu, anayeniambia laini yangu inafungwa leo saa kumi nisipomtajia namba zilizoingia kwenye meseji. Kuna wa mizimu, anayedai ametumwa aniletee utajiri na anachohitaji ni hela ya kununulia ubani. Na kuna mwalimu mkuu. Huyo alinipigia asubuhi moja nikiwa napepeta mtama, akaniambia kwa haraka, "Mzazi, mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, daktari anasubiri malipo sasa hivi."

"Mwanangu yupi?" nikamuuliza.

"Huyu wa kidato cha pili, mama. Tusipoteze muda."

"Mungu akubariki, baba," nikamwambia. "Nimemwomba mtoto miaka thelathini, leo umenipa akiwa na kidato chake tayari."

Akakata. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kumsimulia.

Dalili zao nazijua sasa. Wana haraka, na haraka hiyo wanataka iwe yako. Hawataki ukate simu hata kidogo, maana ukikata utapata nafasi ya kufikiri. Watakuambia usimwambie mtu. Nyuma ya sauti zao husikika sauti nyingine, watu kadhaa katika chumba kimoja, kila mmoja na simu yake na mwathirika wake. Na wote wana heshima. Shikamoo zao zimenyooka kuliko za watoto wa majirani zangu. Siku moja nilimwacha mmoja aongee muda mrefu, najua kabisa anachotaka, namsikiliza tu. Katikati nikamuuliza kama amekula. "Bado, mama," akasema, kwa sauti yake ya kweli, halafu akakumbuka kazi yake akaendelea na habari ya laini kufungwa. Nilipokata simu nilibaki nimeishika mkononi kwa muda. Ni aibu kuliandika hili, lakini yale yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyokuwa nayo wiki ile nje ya duka.

Napokea namba zote kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Tulizaliwa wawili tu kwa baba na mama, mimi nikamtangulia kwa miaka kumi na miwili. Baba alifariki yeye akiwa darasa la pili. Mama alibaki na shamba la uwele na mtama na mbuzi wachache, na mimi nikamchukua mdogo wangu nikarudi mjini kuuza karanga kwenye sinia, kisha nyanya, kisha unga. Kila sare ya shule aliyovaa yule mtoto niliinunua mimi. Nilimlea kwa mkono mgumu na kwa mdomo mgumu zaidi. Akikosea nilimwambia, akipatia sikusema kitu, nikidhani kupatia ni wajibu wake. Kuomba radhi sikujua. Nilimkosea mara nyingi, kama mlezi yeyote, na nilichofanya ni kumpikia nyama siku iliyofuata bila kusema neno. Alikula, akaelewa, tukaendelea.

Alipokuwa mtu mzima nikamwingiza kwenye biashara. Yeye alizunguka vijijini kununua mahindi, akayapeleka soko la Kibaigwa, mimi nikashika duka. Aliyefika Kibaigwa wakati wa mavuno anajua kulivyo. Malori yamejipanga mpaka barabarani, vumbi la mahindi linaganda kwenye kope, makuli wanashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu, madalali wanapiga kelele bei za watu wawili kwa wakati mmoja. Hela za mkononi zilikuwa zimepungua sana kwa kuogopa wezi, kila mtu alilipana kwa simu. Palikuwa na desturi pale ambayo hakuna aliyeitunga. Mnunuzi akituma, simu yako ikalia, unasoma meseji, unasema "imefika", lori linaondoka. Kukaa chini kufungua menyu, kuandika namba ya siri na kutazama salio lako mbele ya mnunuzi huku injini inaunguruma na dereva anakodoa macho, ilikuwa ni sawa na kumwita mwizi. Mtu mzima angekuuliza, "Huniamini?" na kesho yake dalali angekupita na mteja wake bila kukusalimu.

Mdogo wangu aliuza gunia sitini siku moja, mzigo wetu wote wa msimu, kwa mnunuzi aliyevaa vizuri na kuongea vizuri. Simu ikalia. Akasoma, akasema imefika, lori likaondoka. Baada ya saa moja akataka kuwalipa makuli, simu ikamwambia salio halitoshi.

Alinipigia akilia. Nikafunga duka, nikaenda Kibaigwa, na njia nzima nilikuwa nimeshaamua kwamba hela amezila yeye. Nilimkuta amekaa juu ya mzani mtupu. Akasimama, akaninyooshea simu kabla hata ya salamu.

"Isome, dada. Isome mwenyewe."

Nikaisoma. Imepokelewa kiasi fulani, kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kiasi fulani. Kila kitu mahali pake.

"Si umepokea?" nikamwambia. "Hapa wanasema umepokea. Sasa hela iko wapi?"

"Haipo, dada. Meseji ilikuja lakini hela haipo."

"Haipo kwa sababu umeitoa."

Sikujua kwamba meseji inaweza kusema uongo. Naapa sikujua. Kwangu karatasi ilikuwa karatasi na meseji ya pesa ilikuwa risiti, na yeye mwenyewe alikuwa amenipa mkononi ushahidi wa wizi wake. Nikapandisha sauti. Makuli wakaacha kushona, madalali wakasogea. Nikamwambia kwamba amekula jasho la mama yake, kwamba angesema tu amezitumia ningemwelewa, lakini kunitungia hadithi ya mtoto mdogo ni kunidharau. Niliyasema mengine pia. Alikuwa ananitazama mdomoni, kama anasubiri niishiwe.

Usiku huo hakurudi Nkuhungu. Baada ya siku tatu ikaingia meseji: niko salama, msinitafute. Nilipopiga, namba haikupatikana, na haikupatikana tena.

Nikapika nyama, kwa mazoea, nikaila peke yangu.

Hiyo ni miaka sita sasa. Mama alipodhoofika nilimtoa kijijini nikamleta kwangu, na nyumba yake tukaifunga. Niliandika namba yangu ya simu kwa mkaa kwenye mlango wake, kubwa, kusudi mtu yeyote anayeulizia aione. Sikumwambia mama ninaiandika kwa ajili ya nani. Hakuhitaji kuambiwa. Kila simu ilipolia aligeuza kichwa kwenye mto akauliza, "Ni yeye?" Nilimjibu kwamba ni wa dukani, ni wa kanisani, ni wa maji. Hakumlaumu mtu. Hakuniambia hata siku moja kwamba nilimfukuza mwanawe, na ningependa sana angeniambia, kwa sababu mimi kwa mtu anayenilaumu huwa najua pa kushika. Miaka minne alisubiri. Alifariki mwezi wa kiangazi, upepo ukiwa umeanza, na tukamzika bila mtoto wake wa kiume kujua.

Msiba wa mama ndio ulionifungua macho, na ulinifungua kwa njia mbaya.

Wanajumuiya wa kanisani walitengeneza tangazo, wakalirusha kwenye makundi yote ya simu, na chini wakaweka namba yangu kwa wanaotaka kutuma rambirambi. Kwa siku tatu simu haikunyamaza. Watu nisiowajua walipiga wakasema pole, wakaeleza walivyomfahamu mama, mmoja alisema mama alimpa maji ya kunywa njiani miaka ishirini iliyopita. Kila aliyepiga alikuwa mgeni, na kila mgeni alikuwa ndugu. Siku ya pili mchana, watu wamejaa uani, alipiga mwanaume mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba. Sisi tulikuwa majirani zenu wa zamani kule shambani, bibi alitubeba mgongoni."

Nikamshukuru.

"Mama, naona aibu hata kusema. Nimetuma rambirambi sasa hivi, nilitaka kutuma elfu ishirini, nikazidisha sifuri moja. Imekwenda laki mbili. Na ile ni hela ya ada ya mtoto."

Nikatazama simu, meseji ilikuwepo. Imepokelewa laki mbili, kutoka kwa jina la mwanaume, salio lako jipya ni kiasi fulani. Sikuangalia zaidi ya hapo. Rambirambi haikaguliwi. Hakuna mfiwa anayepokea mkono wa pole kisha akaenda pembeni kuhesabu, na kilichonichoma ni kwamba nimeshika ada ya mtoto wa mtu siku ya kumzika mama yangu. Nikamrudishia laki na themanini palepale, nikiwa nimesimama karibu na masufuria, na nikamwomba yeye radhi kwa usumbufu. Mimi, nisiyeomba radhi, nilimwomba yeye.

Kesho yake nilikwenda kibandani kutoa hela ya kulipia turubai na viti. Haikutosha. Nikamwambia mwenye kibanda mtandao wake una matatizo. Akachukua simu yangu, akafungua meseji, akaipandisha juu kwa kidole gumba.

"Jirani, hii imekuja kwa namba ya mtu," akasema. "Tazama za kweli hizi, zote zimekuja kwa jina la kampuni, hakuna namba. Hii mtu ameiandika mwenyewe kwa vidole vyake akakutumia kama anavyokutumia habari za asubuhi. Hakuna hela iliyoingia. Wewe ndiye umemtumia hela za mama yako."

Akanieleza taratibu, kwa upole ambao sikumzoea nao. Meseji usiitegemee, fungua mwenyewe menyu utazame salio. Mtu akisema amekosea kutuma, mwambie apige kwa kampuni yake waurudishe muamala, usimrudishie kwa mkono wako. Alisema na mengine lakini sikuwa namsikia tena. Nilikuwa natazama yale maneno kwenye simu. Yalikuwa ni yaleyale, yamepangwa vilevile, mpaka mkato wa mwisho. Nilikuwa nimeyasoma Kibaigwa kwenye simu ya mdogo wangu, kwa macho yangu mawili, na kwa maneno yaleyale nikamwita mwizi.

Nililia pale kibandani nimeshika ule wavu wa dirisha. Mwenye kibanda alinifuata nje, akanifunga khanga vizuri, akaniambia nilie tu, mama ni mama. Watu wote walidhani namlilia mama. Nikawaacha wadhani hivyo.

Mtu angetegemea kwamba kesho yake nilipanda gari kwenda kumtafuta. Sikupanda. Nilikaa mwaka mzima na zaidi. Nilijiambia kwamba duka halina mtu, kwamba mvua zinakaribia, kwamba yeye ndiye aliyeondoka na yeye ndiye mwenye miguu ya kurudi. Ukweli ni kwamba Kibaigwa kulikuwa na watu walionisikia siku ile, na nilikuwa sitaki kupita mbele yao nikiwa nimekosea. Badala yake nikawa napokea simu. Nilijifariji kwamba ipo siku atapita kijijini aione namba mlangoni. Sikupokea ili nitapeliwe. Nilipokea kwa sababu kila namba ngeni, kabla haijafungua mdomo, ilikuwa ni yeye.

Mwaka huu, mavuno yalipoanza, nilifunga duka siku ya Jumanne nikaenda Kibaigwa. Dalali mmoja mzee niliyemkumbuka tangu siku ile bado yupo, amepoteza meno mawili, kofia ni ileile. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Yule kijana wako," akasema. "Wiki ile ile walilizwa wanne hapa. Mnunuzi mmoja, lori moja, meseji moja. Wewe ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Sote tulijua. Tulishangaa ulivyomfokea."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza?" akasema, si kwa ubaya.

Alijua pia alipo. Kuna dereva aliyemwona Manyoni, anasimamia kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Namba ya kiwanda dereva alikuwa amemwachia, lakini dalali aligoma kunipa. Siku hizi, alisema, mtu anakuja na machozi anaomba namba ya nduguye, kumbe anakwenda kumliza. Ilibidi nimtajie jina la baba, jina la mama, kijiji, kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu. Ndipo akaniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji.

Jioni ile niliandika meseji. Niliiandika mara nyingi nikaifuta. Mwishowe ikabaki: Mdogo wangu, ni mimi dada yako. Nilikukosea sana. Naomba unisamehe. Nipigie kwenye namba hii. Kabla ya kuituma nikampelekea mwenye kibanda aisome. Akaisoma, akanirudishia simu.

"Jirani, usikasirike," akasema. "Hii mimi ukinitumia, naifuta."

Nikakasirika. Nikaituma hivyohivyo. Siku ikapita, na nyingine, hakuna jibu. Siku ya tatu nikapiga, nikiwa nimekaa kitandani na mlango nimefunga kana kwamba kuna mtu wa kunisikia.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanaume. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoiacha.

Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakapotea. Nikasema kwa shida kwamba ni mimi, dada yake, kwamba nimejua ukweli, kwamba naomba radhi, anisamehe, anisamehe.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hii mpya," akasema. "Mmekuja na hii sasa. Wewe ndiye uliyetuma na ile meseji?"

"Ni mimi kweli. Sikiliza sauti yangu."

"Sauti siku hizi mashine zinaiga. Na safari hii mmekosea kusoma, mama. Dada yangu mimi namjua. Dada yangu haombi radhi, angekufa kwanza. Katafuteni uongo mwingine."

Akakata. Nilipopiga tena haikuita, alikuwa ameshanifungia.

Nilikaa pale kitandani mpaka chumba kikawa giza, sikuinuka kuwasha taa. Kwamba ni yeye sikuwa na shaka tena, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kusema maneno yale kwa uhakika ule. Alikuwa ametazama dalili zote, kama ninavyotazama mimi, namba ngeni, machozi, haraka, ndugu aliyeibuka ghafla. Alikuwa amejilinda vizuri. Iliyomfikisha kwenye uamuzi ilikuwa ni tabia yangu. Niliona uchungu ambao sikuupata hata siku ya mazishi, na niliona haya, na hakuna aliyekuwepo wa kuniambia pole.

Kesho yake sikwenda Makole. Nilikwenda kibandani, nikamwomba mwenye kibanda simu yake ya kazi. Hakuniuliza kitu. Aliwaambia wateja wawili waliokuwa kwenye foleni kwamba mtandao umekatika, wakaondoka, akanipa, nikapiga.

"Haloo, karibu," alisema mdogo wangu, kwa sauti ya mtu anayetegemea mteja wa mafuta. Nyuma yake mashine ya kukamua ilikuwa inanguruma.

"Usikate," nikasema. "Sikuombi hela. Sikuombi chochote."

Hakukata.

"Wewe tena," akasema. "Haya. Kama wewe ni dada yangu, niambie, mama anaendeleaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Tapeli angelitoa papo hapo, maana ndilo wanaloanza nalo. Mama kalazwa, mama hoi, mama hatunaye tunachangia jeneza, tuma kwa namba hii. Lakini kwetu habari ya kifo haitolewi kwenye simu. Mtu wa mbali anaambiwa arudi nyumbani, kuna kikao, au mama hajisikii vizuri. Anasafiri na wasiwasi wake, anaona turubai kwa mbali, na watu wazima wawili wanamfuata njiani wakamshika mikono kabla hawajafungua midomo yao. Baba alipofariki mimi niliambiwa nirudi kijijini kuna wageni wangu. Sijawahi kusikia katika ukoo wetu mtu aliyeambiwa yuko peke yake, amesimama kazini, simu sikioni.

"Niambie ulipo hapo Manyoni," nikasema. "Nije."

"Nimekuuliza mama anaendeleaje."

"Kesho asubuhi napanda basi. Niambie tu nishukie wapi."

"Mama anaendeleaje?"

"Nakuja. Usitoke hapo ulipo. Upo na nani hapo? Kuna mtu mzima karibu?"

Nikasikia akimwambia mtu azime mashine. Ule mngurumo ukashuka, ukakatika. Nyuma yake sasa walisikika kuku wa mtu.

"Lini, dada?" akasema.

Mwenye kibanda alinisogezea benchi. Nikakaa, nikamwambia mdogo wangu lini mama alifariki.